Noti Kumi na Moja

Kwenye droo ya meza yangu mna bahasha yenye noti kumi na moja za kwacha ya Zambia, kila moja elfu hamsini. Upande mmoja zina picha ya furukombe, upande wa pili sanamu ya mtu anayekata minyororo. Si noti bandia. Zilitoka benki kuu, na zamani ungeingia nazo sokoni ukatoka na kapu limejaa. Leo hazinunui andazi. Nilizipata Februari 2016 ndani ya treni, kwa dola 100 za Marekani, na dakika ile nilijiona mjanja. Siku hizi vijana wanaotaka kutoka na begi mgongoni na fedha kidogo hunijia kuniuliza njia. Kabla ya njia huwatolea bahasha hii.

Nilikuwa na miaka 25. Nilikuwa nimesoma sana habari za vijana wa Ulaya wanaozunguka nchi na nchi kwa dola kumi na tano kwa siku, wanalala vitanda vya kupangana, wanapika wenyewe, wanadandia mabasi ya bei poa. Wakipita Dar es Salaam nilikuwa nawaona Kariakoo na mabegi yao makubwa, nikajiambia kama wageni wanaliweza bara hili, mimi niliyezaliwa humu nitashindwaje? Sioni kosa katika hamu ile hata leo. Pasipoti ya Mtanzania inaingia Zambia, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini bila viza. Njia ilikuwa wazi mpaka Cape Town.

Nilikuwa na dola 600 baada ya kukata tiketi ya treni. Nikazigawa kwa siku 40, zikatoka kumi na tano kila siku, sawasawa, bila baki. Ile "bila baki" ndiyo iliyonifurahisha. Dada yangu, ambaye peke yake nilimwambia ukweli, aliuliza, "Na ukiugua?" Nikamjibu kwamba sitaugua. Akauliza, "Na mama je?" Mama nilikuwa nimemwambia naenda Mbeya kwa rafiki, wiki tatu hivi, na kwamba huko mtandao unasumbua. Nilimwapisha dada asiseme. Niliona nampunguzia mama wasiwasi.

Reli iendayo Zambia wazee wetu wanaijua kwa jina la Reli ya Uhuru. Ina urefu wa kilomita 1,860, na ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975 ili shaba ya Zambia ipate bahari bila kupitia Rhodesia ya walowezi wala Afrika Kusini ya makaburu. Siku ya kwanza nilikaa dirishani mpaka giza likaingia. Tulipita porini Selous tukaona twiga na nyumbu, na asubuhi, kati ya Mlimba na Makambako, treni ikawa inapanda mlima, inaingia handaki na kutoka, inavuka daraja baada ya daraja, na chini kabisa mto unametameta. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiseme vipi. Naieleza kwa sababu sitaki msomaji adhani nawakataza watu kusafiri.

Chumba chetu kilikuwa cha daraja la pili, vitanda sita. Kitanda cha chini yangu alilala mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa Tunduma, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akivusha vitenge na mchele. Alinipa chapati. Akaniuliza, "Unaelekea wapi, mwanangu?" Nikamwambia Kasama, nasoma huko. Sikutaka mtu yeyote ajue kwamba nina dola. Nilikuwa nimesoma kwamba msafiri wa peke yake hasemi anakokwenda wala alichonacho, nikalishika neno hilo kama amri. Kwa hiyo mtu pekee ndani ya behewa aliyeujua mpaka ule kama uani kwake, nilimdanganya.

Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliokatwa na mstari. Maofisa wa uhamiaji walipanda wakagonga mihuri mle mle ndani ya treni, na nyuma yao wakapanda vijana wa kubadilisha fedha, mabunda mkononi. Rafiki yangu mmoja aliyepita pale 2011 alikuwa ameniambia dola moja ni kama kwacha elfu tano. Nikaishika namba hiyo. Kijana aliyenijia alizungumza Kiswahili safi, akaniita kaka, akaanza na 5,200. Nikambana. Akalalamika, akaapa, mwisho akakubali 5,500. Tulihesabiana kwenye ujia wenye mwanga hafifu, noti kumi na moja za elfu hamsini hamsini, na treni ilikuwa tayari inatikisika kuondoka. Nilirudi kitandani nikaandika kwenye daftari: "Nimeokoa kwacha 30,000."

Asubuhi nilimpa mhudumu wa chakula noti moja. Aliigeuza, akanirudishia bila neno. Yule mama ndiye aliyeichukua mkononi mwangu.

"Mwanangu, hizi nani kakupa? Hizi zilikufa zamani."

Zambia ilikuwa imekata sufuri tatu kwenye fedha yake tarehe 1 Januari 2013. Elfu hamsini ya zamani ikawa hamsini mpya, na baada ya miezi michache madukani hawakuipokea tena ile ya zamani. Tena mwaka 2015 bei ya shaba ilianguka na kwacha ikaanguka nayo. Siku ile niliyokuwa nabishana kwa ustadi, dola ilikuwa kama kwacha kumi na moja mpya. Rafiki yangu hakunidanganya. Alichoniambia kilikuwa kweli miaka mitano nyuma. Nilipomuuliza yule mama kama benki zingenibadilishia alitikisa kichwa, akasema hata huko hawazitaki tena. Kisha akaniuliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo: "Mbona hukuniuliza?"

Alishuka Kasama, mahali nilipodai kuwa nakwenda mimi. Alinitazama nikibaki kitini. Hakusema kitu.

Kuanzia hapo Kiswahili kilianza kupungua. Nakonde bado unakisikia kila mahali. Ukifika Mpika ni Kibemba, na salamu niliyoijua ilikuwa moja tu, "mulishani". Sikuwa nimeuliza treni hufika saa ngapi mwisho wa reli. Ilifika Kapiri Mposhi saa tano usiku, na kituo kiko mbali kidogo na mji. Wenzangu walitawanyika upesi, wengine wakipokelewa, wengine wakikimbilia mabasi madogo ya Lusaka, kilomita 200 hivi kutoka pale. Gesti ya jirani walitaka kwacha ambazo kwa hesabu yangu zilifika dola nane. Kwenye daftari nilikuwa nimepanga dola sita za malazi, na mfukoni mwangu mlikuwa na kidonda kipya cha dola mia. Nikaamua kulala kwenye benchi nje ya kituo, begi chini ya miguu, mpaka kupambazuke.

Niliibiwa kwa ajili ya dola mbili. Nilipoamka alfajiri begi halikuwapo. Ndani yake mlikuwa na dola 460 ndani ya soksi, pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, simu na daftari. Pasipoti nilikuwa nimeitia begini kwa sababu mkanda wa kiunoni ulinikera jotoni. Mfukoni nilibaki na dola 40 na zile noti kumi na moja.

Hata msafiri mashuhuri wa kale, Ibn Battuta, alipotoka kwao Tanja mwaka 1325, peke yake, akiwa na miaka 21, aliugua homa njiani, akajifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba chake ili asianguke. Msafara aliojiunga nao ulipofika Tunis, watu walitoka kuwalaki wageni wao, kila mtu na wake, na hakuna aliyemsalimia yeye. Ameandika mwenyewe kwamba alilia. Hujaji mmoja akaliona lile, akamjia, akamsalimu na kuzungumza naye mpaka wakaingia mjini. Miaka sita baadaye Ibn Battuta huyo huyo alishuka Mombasa na Kilwa, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Kilwa ya wakati ule tumeipata kwake. Kila msafiri wa peke yake anayefika mbali amewahi kushikwa mkono na mtu namna ile. Mimi wa kwanza nilikuwa nimempita ndani ya treni.

Wa pili nilimkuta kando ya barabara kuu. Kapiri Mposhi ni njia panda ya malori: yanayotoka bandari ya Dar es Salaam hupita pale, mengine yakiendelea Lusaka, mengine yakikata kwenda Ndola mpaka Kasumbalesa, mlango wa Kongo. Nilikuwa nimekaa chini ya mti nikasikia mtu anamfokea utingo wake kwa Kiswahili cha Tanga. Nilisimama nikamwendea.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Wewe mtu wa wapi, dogo?"

Safari hii nilisema yote. Alinisikiliza huku utingo anasonga ugali kwenye jiko la mkaa pembeni ya tairi. Hakunikaripia. Alinipa sahani ya ugali na dagaa, akanipeleka polisi kuandikisha upotevu, kwa sababu alijua bila karatasi ile ubalozini sitasikilizwa. Halafu akanipa simu yake. "Mpigie mama yako."

Sikuijua namba ya mama. Nilikuwa nayo ndani ya simu miaka minane, naibonyeza kwa jina. Nilikumbuka tarakimu sita, nikakwama. Ya dada sikukumbuka hata tatu. Nimewahi kuaibika mara nyingi maishani, lakini kusimama barabarani nchi ya watu, simu mkononi, na kushindwa kumwita mama yangu, hiyo sina mfano wake.

Dereva alinifikisha Lusaka akakataa fedha. Ubalozi wetu ulinipokea vizuri, lakini hati ya dharura ya kusafiria haitolewi kwa kuangalia sura. Lazima ithibitishwe kwanza kwamba wewe ni Mtanzania, na mimi sikuwa na hata nakala ya pasipoti. Ilichukua zaidi ya wiki. Dada nilimwandikia barua pepe, naye hakuwa mtu wa kufungua barua pepe kila siku. Alipoisoma alitaka kunitumia fedha, na hapo nikajifunza jambo lingine ambalo sikulifikiria nikiwa nyumbani: fedha za kutumiwa hupokelewa kwa kitambulisho, na mimi sikuwa nacho. Zilipokelewa kwa jina la mama mwenye gesti niliyofikia Lusaka, ambaye alinijua kwa siku nne tu. Alizileta zote, na risiti juu.

Siku kumi hivi baada ya usiku wa Kapiri homa ilinipanda. Nilijidanganya kwamba ni uchovu, kwa kuwa kipimo kingekula fedha. Siku ya pili mama mwenye gesti aliingia chumbani, akanigusa shingo, akaniambia kwa Kiingereza chake cha upole nivae viatu. Ilikuwa malaria. Dawa niliyopewa kliniki ni mseto ule ule tunaoujua nyumbani. Ningeendelea kubana siku mbili zaidi, pengine nisingeandika haya. Malaria kali inaweza kumwua mtu mzima ndani ya siku chache tu tangu homa ianze, na hiyo haijali umepanga dola ngapi kwa siku.

Kwenye rafu ya gesti ile wasafiri huacha vitabu walivyomaliza. Nikiwa kitandani nilisoma cha Jon Krakauer cha mwaka 1996 kuhusu Christopher McCandless, kijana wa Marekani. Alimaliza chuo 1990, akagawa akiba yake kwa shirika la hisani, akachoma noti alizobaki nazo, akakata mawasiliano na wazazi. Aprili 1992 aliingia msituni Alaska na mfuko wa mchele. Julai alipotaka kurudi alikuta mto aliouvuka kipindi cha baridi umefurika, akarudi kwenye basi bovu alimokuwa akilala, na Agosti akafia humo, akiwa na miaka 24. Chini kidogo ya pale alipokwama palikuwa na kikapu kinachovuka mto kwa waya, cha kuvuta kwa mkono. Ramani ya kina ingemwonyesha. Hakuwa nayo. Watu humsoma kijana huyu kama shujaa, na mimi naelewa kwa nini. Alikuwa na moyo safi na alitaka kuishi kwa ukweli. Lakini nilipofika pale kwenye kikapu nilikifunga kitabu nikamfikiria yule mama wa Tunduma, aliyelala kitanda cha chini yangu usiku kucha na jibu langu.

Nilidhani hayo ndiyo yote. Niliporudi kwetu Morogoro nikaambiwa yaliyotokea nyumbani.

Mama alianza kunipigia siku ya nne. Simu haikuita. Alipiga siku tatu mfululizo, kisha, bila kumwambia dada, akapanda basi kwenda Mbeya. Alikuwa na miaka 58 na miguu yake huvimba akikaa sana. Hakuwa na jina kamili la huyo rafiki yangu, kwa kuwa rafiki hakuwapo. Alikwenda polisi na picha yangu ya kumaliza chuo. Alikwenda hospitali, wodi kwa wodi. Walipomwambia simo, aliomba afunguliwe chumba cha maiti, akaingia, akaangalia. Dada alipompata kwa simu siku ya pili yake kumwambia niko Lusaka, mzima, mama alikuwa amekaa kwenye ngazi za hospitali ile. Hajawahi kunisimulia mwenyewe. Nimeyajua kwa dada.

Kwa hiyo vijana wanaponiuliza kama dola 600 zinatosha kufika Cape Town, huwajibu kwamba zinatosha. Bajeti ndogo haikuniponza. Wapo wanaosafiri kwa chini ya hapo wakafika na kurudi salama, na madereva wa masafa marefu wanaishi barabarani kwa kidogo sana mwaka mzima. Kilichoniponza ni kubana mahali pasipobanwa: kwenye kitanda cha usiku wa kwanza katika mji nisioujua, kwenye kipimo cha homa, kwenye dakika mbili za simu, na hata kwenye maneno, nikimnyima ukweli mama yangu na mama wa watu. Nilibana vyote hivyo ili hesabu itoke bila baki.

Mwaka 2017 nilikwenda tena. Mama alijua, na namba yake nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi na kuiweka ndani ya kiatu, mbali na kuikariri. Nakala ya pasipoti ilikuwa kwa dada. Chanjo ya homa ya manjano nilichoma upya mapema, maana kadi yake huanza kufanya kazi baada ya siku kumi tangu sindano. Bei ya kwacha niliuliza benki asubuhi ya safari, kisha nikamuuliza na aliyelala kitanda cha jirani. Kapiri nililipa gesti bila kuuliza mara mbili. Livingstone nilikaa siku tatu, nikalowa mpaka mifupa kwa mvuke wa maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, Aprili, maji yakiwa yamejaa. Zimbabwe fedha taslimu zilikuwa adimu mwaka ule, foleni za benki zinazunguka kona, na dola ndogo ndogo nilizobeba ndizo zilizonivusha.

Jambo moja hawakuwa wameliandika wale wasafiri niliowasoma. Kwenye mpaka mmoja kijana Mzungu aliyetangulia mbele yangu, begi lake limechakaa kuliko langu, aligongewa muhuri bila swali. Mimi niliulizwa nalala wapi, narudi lini, na nionyeshe fedha. Mwafrika mwenye begi mgongoni huonekana mtafuta kazi kwanza, mtalii baadaye. Nilikasirika, na nina haki ya kukasirika, lakini nilikuwa na jina la malazi kwenye karatasi, tiketi ya basi ya kurudi, na dola 150 zilizoshonewa ndani ya mkanda wa suruali, ambazo sikuziingiza kwenye hesabu ya siku yoyote. Nilizionyesha, nikapita.

Nilifika Cape Town siku ya kumi na tisa. Nilimpigia mama nikiwa ufukweni, akaniuliza bahari ya huko ina rangi gani. Zile dola 150 nilirudi nazo Morogoro, nikamkabidhi mkononi.